Kaburi Lililopisha Reli

Mama yetu tulimzika mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kama watu wote wanavyozikwa: aliugua, akafa, tukalia, tukamlaza pembeni mwa shamba la baba hapa Katogota, karibu na mfereji wa maji ambako alizoea kulowekea mihogo. Mara ya pili tulimzika kwa sababu ya treni. Treni yenyewe sijaiona mpaka leo, na hasira niliyodhani ingepoa haijapoa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nafundisha darasa la tatu, na shule yetu iko karibu na barabara kubwa inayotoka Uvira kupanda Bukavu. Nimezaliwa hapa hapa katika uwanda wa Ruzizi, na baba yangu ni mkulima wa mihogo, mahindi, na nyanya wakati wa kiangazi. Habari za reli hazikuwa ngeni kwake. Enzi za Wabeleji palikuwa na treni ndogo iliyotoka bandarini Kalundu, ikapita uwandani mpaka Kamanyola, na baba alikuwa mtoto walipokuja kuing'oa. Alituhadithia mara nyingi jinsi wanaume walivyobeba vyuma mabegani huku wakiimba. Kwa hiyo leta, ndivyo tunavyoiita serikali huku kwetu, iliposema kwamba reli itarudi, baba alicheka.

"Banarudisha reli?" alisema. "Basi banirudishie na meno yangu."

Mimi sikucheka. Niliitaka treni ile kwa moyo wote. Mvua ikizidi, mito inayoshuka milimani hukata barabara, na magari ya nyanya hulala njiani mpaka mzigo unageuka maji. Niliwahi kupanda nyuma ya kamio, lori la mizigo, pamoja na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, tumekalia magunia ya makaa, na kabla hatujafika Uvira mtoto alikuwa ameshatoka, nimemfunika kwa kitenge changu. Yule alipona. Nawajua ambao hawakupona. Mtu aliyeyaona hayo, ukimwambia treni inakuja, hakuulizi maswali mengi.

Walikuja shuleni kutueleza. Walikuwa na bwana mmoja wa wizara, mnene, mwenye sauti ya taratibu, na injenia kutoka Bukavu aliyebeba ramani zilizokunjwa kama mikeka. Tuliwaachia darasa langu kwa sababu ndilo kubwa. Bwana wa wizara alisema leta imetoa ruzuku mbili: moja ya kutandika reli, nyingine ya usalama, yaani vivuko, vibao, na vizuizi vya kufunga barabara treni inapopita.

"Hii si deni," alisema. "Ni musaada ya leta kwa raia wake. Hakuna atakayewadai."

Watu walipiga makofi mpaka vumbi likaanguka kutoka darini. Injenia akabandika ramani ubaoni, akafuata kwa kidole mstari mwekundu. Nikauona mstari ule unapita nyuma kabisa ya vyoo vya shule. Nikanyoosha mkono.

"Bwana injenia, hapo watoto wanapita kila siku kwenda kuchota maji."

"Tutaweka kizuizi, Madamu."

"Mtoto wa darasa la kwanza anapita chini ya kizuizi. Tunaomba musogeze reli."

Wazazi waliokuwa wamejaa mpaka madirishani wakaitikia kwa kelele. "Ni kweli! Musogeze!" Bwana wa wizara alimtazama injenia, injenia akaandika kitu, na bwana wa wizara akasema usalama ni wa kwanza, mwalimu amesema kweli. Nilipotoka wanawake walinishika mikono. Jioni nilimweleza baba, naye akasema, "Umefanya vizuri, mama. Mutoto wa muntu si mbuzi." Sijutii neno hata moja nililosema siku ile. Ningesema tena.

Majuma machache baadaye kaka yangu mkubwa alikuja kusimama dirishani mwa darasa langu, jembe begani. Yeye ndiye anayelima pamoja na baba, na si mtu wa kuja shuleni.

"Toka uone," alisema.

Niliwaachia watoto kazi ya kunakili, nikamfuata. Mafundi wa reli walikuwa wamepita, wakaisogeza njia mbali na shule. Vigingi vyenye vichwa vyekundu vilikatiza shamba la baba kutoka upande hadi upande, katikati ya mihogo. Kigingi kimoja kilikuwa miguuni pa mama. Kingine kilikuwa mbele kidogo ya kichwa chake. Msalaba wake wa sementi ulibaki katikati, kama nao umepimwa.

Baba alikuwa amesimama pale, mikono nyuma. Injenia, aliyekuwa pamoja naye, alivua kofia.

"Papa, pole sana. Sikujua. Hii kaburi haiko kwenye ramani."

"Hata minye siko kwenye ramani," baba akamjibu. "Lakini niko hapa."

Kaka akauliza kwa nini wasisogeze tena kidogo. Injenia alituchorea chini kwa kijiti. Huku kuna shule. Kule kuna tope la mashamba ya mpunga, ardhi haibebi. Wakipinda katikati, kona itakuwa kali, na treni haipendi kona kali, itaanguka na watu. Alieleza vizuri, bila dharau, na kila alichosema kilikuwa ni usalama.

Nilimwuliza, "Sasa mnatutaka tufanye nini?"

"Mumuhamishe," alisema, akitazama kofia yake.

Baba aligeuka akaenda nyumbani.

Huenda tungekataa. Kaka alikataa waziwazi, akasema atakayemgusa mama atakutana na panga lake. Lakini kiongozi wa kijiji alikusanya watu akawasomea masharti: feza ya reli haitatoka Kinshasa mpaka njia nzima iwe safi, bila nyumba, bila miti, bila makaburi. Kijiji kimoja kikichelewesha, feza itapelekwa kwingine. Tangu siku ile watu walianza kututazama. Waliokuwa na jikoni kwenye njia walizibomoa wenyewe, wakapikia uani. Mwanamke mmoja jirani, aliyelima ubavuni mwa mama tangu wakiwa mabibi harusi, alikuja akakaa karibu na baba.

"Shemeji," alisema, "marehemu tunamuheshimu. Lakini walio hai nao wanataka kuishi. Mukikataa, banasema ni nyumba yenu ndiyo imetukosesha treni."

Kwa siku nyingi baba alikula kidogo, na kila asubuhi alikwenda kuketi kando ya kaburi kama alivyozoea tangu mama afe. Halafu akatuita, mimi na kaka na dada yetu mdogo aliyeolewa Uvira, mtaa wa Kasenga.

"Minye sitaki watu baseme mke wangu alizuia treni," alisema. "Katika maisha yake hakumufungia muntu njia. Tumuhamishe. Lakini tufanye sisi wenyewe, na tufanye kwa heshima."

Kaka alitupa jembe chini akatoka. Kesho yake ndiye aliyekwenda kwa seremala kuagiza sanduku, kwa sababu ni mkubwa na kazi ile ni yake. Aliporudi aliniambia seremala alipotazama vipimo alimwuliza, "Ni la mutoto?"

Tulimtoa asubuhi, wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu. Katekista aliomba. Wanaume wa ukoo walichimba, na sisi wanawake tulishika vitenge kuzunguka shimo ili wapita njia wasichungulie. Nilikuwa nimejiandaa kwa mifupa. Sikuwa nimejiandaa kwa sweta. Siku zake za mwisho mama alikuwa akisikia baridi hata mchana wa jua, na nilimnunulia sweta ya kijani, ya nailoni, tukamzika nayo. Udongo ulikuwa umekula kila kitu, sweta haukuigusa. Ilikuwa kijani vilevile. Dada aliiona akaachia pembe ya kitenge, na ikabidi mwanamke mwingine aishike.

Baba aliomba apewe. Aliikung'uta taratibu, akaikunja mikono ndani kama anavyokunja mtu anayejua kukunja nguo, akaiweka katika sanduku dogo kwa mkono wake.

Tulimpeleka makaburi ya parokia, chini ya milima, mahali pa mawe. Ni mwendo mrefu kutoka shambani, na goti la baba ni bovu. Wanaume walibeba sanduku haraka, kama inavyotakiwa, na baba alifika sisi tukiwa tumeshashusha. Alitazama shimo, akatazama mawe yaliyotolewa.

"Hapa ni pakavu," alisema. "Yeye alipenda maji."

Hayo tu. Tukafukia.

Baada ya hapo njia ilikuwa safi. Kutoka barabarani uliweza kuona mstari mtupu unakatiza mashamba, hauna mhogo, hauna jikoni, hauna msalaba. Tukangoja. Mvua za kwanza zilikuja. Baadhi ya vigingi vilikuwa vya miti mibichi, vikachipua majani. Watu wakaanza kuuliza kwa utani, kisha bila utani. Msimu wa kupanda ukapita mstari ule ukiwa mtupu, kwa sababu kiongozi wa kijiji alikuwa amekataza mtu kuweka hata mbegu ya boga, feza isije ikafika ikakuta uchafu.

Likizo ilipofika nilishuka Uvira kuuliza. Nililala kwa dada, Kasenga, na asubuhi nikachukua moto, yaani pikipiki, mpaka biro, ofisi iliyoshughulikia mambo ya reli. Ziwa lilikuwa limepanda na kuingia jengo lao la zamani, hivyo walikuwa wamehamia ghorofani juu ya maduka. Dada mmoja wa mapokezi, mpole, alinikaribisha kiti.

"Dosie iko Kinshasa, Madamu. Rudi wiki kesho."

Niliporudi, dosie, yaani faili letu, ilikuwa imefika, lakini mkubwa anayeisaini alikuwa safarini. Niliporudi tena, mkubwa alikuwepo, ila alikuwa na wageni. Nilikaa kwenye benchi mpaka wageni wakatoka, mkubwa akatoka nao, wakaenda kula. Yule dada wa mapokezi alinihurumia.

"Lakini unafuata nini hasa, Madamu? Nyumba yenu ilivunjwa?"

"Tulimfukua mama yetu."

Aliweka kalamu chini. "Yesu wangu. Pole." Kisha, baada ya kufikiri, akasema, "Lakini mambo ya makaburi si idara yetu."

Nilishuka ngazi zile nikiwa sijui nimkasirikie nani. Ndilo lililonichosha zaidi katika habari hii yote: hakuna mtu aliyenitukana, hakuna aliyenifukuza. Wote walinipa pole na kiti cha kukalia.

Siku hiyohiyo nilimwona injenia. Alikuwa amekaa peke yake katika malewa, vibanda vyetu vya chakula, karibu na kwa dada, mbele yake bugali na samaki. Alinitambua kabla sijamsalimu, akasimama, akanivutia kiti.

"Madamu, munaendelea?"

"Hatuendelei. Treni iko wapi?"

Alinawa mikono upya ingawa ilikuwa safi. Halafu aliniambia, na nashukuru kwamba aliniambia. Ruzuku ya kutandika reli ilikuwa imehamishwa. Huko juu waliona kuna njia nyingine yenye haraka zaidi, mkoa mwingine, feza ikaenda huko. Ruzuku ya usalama ilikuwa imebaki.

"Ya usalama haikuhamishwa," alisema, "kwa sababu ina sharti lake. Lazima itumike kabla mwaka haujaisha, la sivyo inarudi."

"Usalama wa nini?"

"Wa reli."

"Reli gani?"

Muuza chakula alikuja kuniuliza kama nitakula, nikamwambia hapana.

"Madamu," injenia alisema kwa sauti ya chini, "minye nachora tu. Feza inafuata njia yake, haifuati ramani yangu."

"Na mama yangu ulimchora wapi?"

Alisukuma sahani. Niliinuka nikaondoka bila kumuaga, jambo ambalo wazazi wangu hawakunifundisha. Njiani nilimwonea huruma, kisha nikajikasirikia kwa kumwonea huruma.

Vibao vilifika Katogota kabla ya Krismasi, juu ya kamio, pamoja na mafundi wachangamfu waliotania wasichana. Walisimamisha kibao kimoja kila upande wa barabara: alama ya treni, na chini yake neno la kuwataka watu wasimame. Wakaweka na kizuizi cha chuma chenye mistari myekundu na myeupe, kinachopanda na kushuka kwa mkono. Kilifanya kazi vizuri sana. Kulia kwake kulikuwa na majani. Kushoto kulikuwa na majani.

Direkta wa shule akaniita. Ugeni ulikuwa unakuja kuzindua, na wanafunzi walitakiwa kuonyesha namna ya kuvuka reli kwa usalama.

"Weye ndiye uliyesemea usalama wa watoto," alisema. "Darasa lako ndilo litaonyesha."

"Papa direkta, nitawafundisha siku nitakapoona reli."

"Ni amri, Madamu. Usinitie katika matatizo."

"Basi wafundishe weye."

Aliwafundisha yeye. Siku ya ugeni watoto wangu, wamevaa sare zilizofuliwa, walisimama mbele ya kizuizi, wakatazama kushoto, wakatazama kulia, wakatega sikio, kisha wakavuka majani wakiwa wameshikana mikono. Wageni walipiga makofi. Mpiga picha alipiga picha. Mimi nilisimama nyuma, uso ukiniwaka, nikitamani mmoja wao ajikwae acheke ili uongo ule uvunjike. Hawakujikwaa. Walifanya vizuri kama walivyoelekezwa.

Bwana wa wizara, yuleyule mwenye sauti ya taratibu, alipomaliza hotuba akauliza kama wenyeji wana neno. Baba alisogea mbele. Sikuwa nimejua kwamba amekuja. Alikuwa amevaa koti lake la misa na kuegemea fimbo.

"Mheshimiwa, naomba utuonyeshe mahali treni itapita."

"Hapa, mzee," bwana akasema, akionyesha majani. "Maendeleo ni hatua kwa hatua. Tumeanza na usalama. Muwe na subira, musifanye haraka."

"Minye sina haraka," baba alisema. "Ni mke wangu ndiye mulimufanyia haraka."

Waliotoka nje ya kijiji hawakuelewa. Sisi tulielewa, hata wale waliobomoa jikoni zao. Mwanamke yule jirani alijifunika uso kwa kitenge. Bwana wa wizara alimwinamia mtu wake akamwuliza sikioni, akasikiliza, na nikaona uso wake ukibadilika, kwa sababu naye ni mtoto wa mtu. Alisema pole. Akasema jambo lile litafuatiliwa. Kisha wakaingia magari yao, kwa kuwa walikuwa na kijiji kingine cha kuzindua kabla ya giza.

Ajali ya kwanza ilitokea mvua ziliporudi. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, mgeni wa barabara hii, aliona alama ya treni, akashika breki kwa nguvu kwenye tope, akaanguka akavunjika mfupa wa bega. Mimi na direkta tulimbeba mpaka kwenye kivuli cha shule, nikamfunga mkono kwa leso yangu. Alikuwa akiuliza kwa maumivu, "Imeshapita? Treni imeshapita?" Direkta alinitazama, nami nikamtazama. Hatukucheka. Hiyo ndiyo ajali pekee ambayo treni imesababisha Katogota.

Kaka alilima njia ile upya bila kumwuliza mtu. Kiongozi wa kijiji alipokuja kumkataza, kaka alimwambia akalete polisi. Polisi hawakuja, na mwaka ule mihogo ilistawi pale kuliko kwingine kokote. Wengine wakafuata. Sasa ukitazama kutoka barabarani huwezi kujua palipopimwa.

Kaka alitaka pia tumrudishe mama. Tuliketi wote watatu mbele ya baba, na kusema kweli mimi na dada tulikuwa upande wa kaka. Mahali pake palikuwa wazi. Baba alitikisa kichwa.

"Hapana. Amechoka kusafiri. Muntu si gunia la mahindi, leo hapa kesho pale."

"Lakini baba, kule mbali huwezi kumfikia," dada alisema.

"Basi minye ndiye nitahama."

Tulidhani ni maneno ya uchungu. Hayakuwa. Aliomba kiwanja kidogo kwa watu wa parokia, karibu na makaburi, na kaka akamjengea chumba kimoja cha matofali mabichi na bati. Mtu aliyelima udongo mweusi wa Ruzizi maisha yake yote sasa anapanda maharage kati ya mawe, na maharage yenyewe yanatoka machache, membamba. Amekonda. Shamba alilopigania tangu ujana analisikia kwa habari tu. Nikiyafikiria hayo hushindwa kusahihisha madaftari, huweka kalamu nikatoka nje.

Jumamosi humpelekea unga. Juzi nilimkuta amekasirika, mbuzi wa watu wameingia makaburini wakala maua aliyoyapanda. Alikuwa ameshakata matawi ya miiba. Nilivua viatu, nikajifunga kitenge, tukaanza kuzungusha uzio.

"Kuna habari gani ya Uvira?" aliniuliza.

"Hakuna, baba."

"Basi shika upande ule," alisema. Tukavuta tawi pamoja, likakwama kwenye mawe, tukalivuta tena.